Mataji Tangu 1888, Mabao Tangu 1992

Aprili 27, 2025, Liverpool waliichapa Tottenham mabao 5-1 pale Anfield na kutwaa ubingwa wa England huku wakiwa na mechi nne mkononi. Mohamed Salah alitupia bao la nne. Namba ya siku ile ilikuwa 20: ubingwa wa 20, kuanzia ule wa kwanza wa mwaka 1901, na kwa namba hiyo Liverpool wakawa wamewafikia Manchester United. Watunza takwimu nao hawakuchelewa kutoa namba yao. Bao la Salah lilikuwa la 185 kwenye Ligi Kuu, limempita Sergio Agüero aliyeishia 184, na kumfanya Mmisri huyo awe mchezaji wa kigeni mwenye mabao mengi kuliko wote katika historia ya ligi hiyo.

Mechi moja, ligi moja, lakini hesabu mbili. Ya mataji inaanzia 1888, ligi ilipoasisiwa na klabu 12. Ya mabao inaanzia Agosti 1992. Katika mataji 20 ya Liverpool, 18 yalipatikana kabla ya 1992, na hakuna aliyewaambia wayaweke kando. United nao wana 20, saba kati yake ni ya zamani. Klabu zimeachiwa historia yao yote. Waliozifungia mabao ndio waliofutiwa karne nzima.

Nchi zetu zinaifuatilia ligi hii kuliko ligi nyingi za Afrika. Jumamosi kibanda umiza kinajaa mpaka watu wanachungulia dirishani, na kijana wa miaka 15 anaweza kukutajia bila kupumua kwamba Erling Haaland alifunga mabao 36 msimu wa 2022/23 na kwamba hiyo ndiyo rekodi. Kijana hana kosa. Hiyo ndiyo namba aliyowekewa kwenye skrini, na hiyo ndiyo watangazaji wetu wanairudia. Rekodi yenyewe ya ligi kubwa ya England kwa msimu mmoja ni mabao 60. Imewekwa 1928 na haijawahi kukaribiwa.

Mwaka 1992 klabu 22 za Ligi Daraja la Kwanza zilijitoa kwa pamoja kwenye chama kilichokuwa kinaendesha ligi, zikaunda ligi yao ili ziuze wenyewe haki za televisheni. Mnunuzi alikuwa Sky. Jina likabadilika, nembo ikabadilika, fedha zikaanza kumiminika. Uwanjani je? Msimu wa mwisho wa Daraja la Kwanza ulikuwa na timu 22 na mechi 42. Msimu wa kwanza wa Ligi Kuu ulikuwa na timu 22 na mechi 42. Leeds United, mabingwa wa Mei 1992, walianza Agosti kama mabingwa watetezi. Walioshuka walishuka, waliopanda walipanda. Jambo jipya lililoonekana mchezoni lilikuwa sheria ya kumkataza kipa kudaka pasi ya mguu kutoka kwa mwenzake, na hiyo ilikuja dunia nzima mwaka huohuo. Mkataba wa televisheni ndio uliochora mstari, na mpaka leo tunauchukulia kama mstari wa mpira.

Ukiufuta mstari huo, orodha ya wafungaji wa ligi ya juu ya England inapinduka. Anayekaa kileleni si Alan Shearer mwenye 260. Ni Jimmy Greaves, mabao 357. Anafuata Steve Bloomer wa Derby County na Middlesbrough, aliyeanza kucheza karne ya 19, mwenye 314. Kisha Dixie Dean wa Everton, 310. Wa nne ni Gordon Hodgson, na hapa Mwafrika yeyote inafaa asimame kidogo. Hodgson alizaliwa Johannesburg. Alikuja England mwaka 1924 na timu ya wazungu wa Afrika Kusini iliyokuwa kwenye ziara, Liverpool wakampenda, wakamsajili mwaka uliofuata. Akawafungia mabao 233 ya ligi, yote katika daraja la juu, na aliyoyafunga baadaye katika klabu nyingine ndiyo yanayomfikisha nafasi ya nne. Baadaye aliichezea England, kwa hiyo watu wanaweza kubishana kama aitwe mchezaji wa kigeni. Lakini jioni ile ya Anfield, kwenye klabu yake mwenyewe, mabao yake yalikuwa 50 zaidi ya aliyokuwa nayo Salah kwa jezi ya Liverpool, na jina lake halikutokea kwenye skrini.

Shearer yuko wa tano, na mabao 283, maana ukihesabu yote unampa pia yale 23 aliyofunga Southampton kabla ya 1992. Naye pia amedhulumiwa na mstari huu! Aprili 1988, akiwa na miaka 17, aliwafunga Arsenal mabao matatu katika mechi yake ya kwanza ya ligi kuanza. Alikuwa kijana mdogo kuliko wote kufanya hivyo katika daraja la juu, na rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Greaves. Kwa hesabu za Ligi Kuu, mechi hiyo haikuchezwa.

Greaves alizaliwa Februari 1940 mashariki mwa London. Chelsea walimpanga kwa mara ya kwanza Agosti 1957, ugenini kwa Tottenham, akafunga. Kufunga mechi ya kwanza kulikuwa kama mila yake: alifunga mechi ya kwanza AC Milan, akafunga matatu mechi ya kwanza Tottenham, akafunga mawili mechi ya kwanza West Ham, na timu ya taifa vilevile. Hakuwa mrefu wala hakuwa na shuti la kutoboa nyavu. Waliomwona, na picha chache zilizobaki zinathibitisha, wanamkumbuka kwa utulivu: anaingia kati ya mabeki wawili na mpira umeganda mguuni, kipa anatoka, na badala ya kupiga kwa nguvu anausindikiza kwenye kona kama mtu anayeingiza barua kwenye sanduku la posta. Msimu wa 1960/61 alifunga mabao 41 ya ligi. Alikuwa na miaka 21 tu ulipomalizika, na tayari alikuwa amevuka bao lake la 100.

Kisha akahamia AC Milan, lakini Italia haikumkalia. Alifunga mabao tisa pale Milan kisha akataka kurudi nyumbani, na Desemba 1961 Bill Nicholson wa Tottenham akamnunua kwa pauni 99,999. Pauni ile moja ilipunguzwa kwa makusudi, ili kijana asibebeshwe mzigo wa kuitwa mchezaji wa kwanza wa pauni 100,000. Kwa Tottenham alifunga 220 kwenye ligi. Mara sita alimaliza msimu akiwa mfungaji bora wa Daraja la Kwanza, na hakuna mwingine aliyefika hapo.

Wengi kwetu, kama wanamjua, wanamjua kwa jambo moja la huzuni. Kombe la Dunia 1966 alikwanguliwa vibaya mguuni kwenye mechi na Ufaransa, akashonwa nyuzi 14. Nafasi yake ikachukuliwa na Geoff Hurst, na Hurst akafunga matatu fainali. Greaves alitazama kutoka benchi la nje akiwa amevaa suti, na wakati ule waliopewa medali ni wale 11 waliocheza fainali. Ya kwake aliipata mwaka 2009. Aliacha soka la daraja la juu 1971, akiwa na miaka 31 tu. Pombe ikamshika, na baadaye yeye mwenyewe alilisema hilo hadharani bila kuficha, akatoka humo, akawa mtangazaji wa televisheni aliyependwa na kizazi ambacho hakikuwahi kumwona akicheza. Alifariki Septemba 19, 2021. Jioni ya siku hiyo ratiba ilikuwa na mechi ya Tottenham na Chelsea, klabu zake mbili, na kabla ya mpira kuanza uwanja mzima ulimpigia makofi.

Mabao 357 katika mechi 516. Shearer alihitaji mechi 559 kufika 283. Hapo sina la kuongeza.

Kuna bao moja linaloonyesha uonevu huu kuliko maelezo yoyote. Februari 5, 2023, Harry Kane aliifungia Tottenham bao pekee dhidi ya Manchester City. Lilikuwa bao lake la 267 kwa klabu, likaivunja rekodi ya Greaves ya 266 iliyokuwa imedumu zaidi ya miaka 50. Uwanja ulilipuka, na picha ya Greaves ikarushwa kote. Bao hilohilo lilikuwa pia la 200 la Kane kwenye Ligi Kuu, na hapo likaingizwa kwenye orodha nyingine kabisa: Shearer, Wayne Rooney, halafu Kane. Kwa hesabu ya klabu Greaves alikuwa mlima ambao Kane alikuwa ameupanda kwa zaidi ya miaka 11. Kwa hesabu ya ligi, dakika ileile, Greaves hakuwepo. Kane aliondoka kwenda Bayern Munich Agosti mwaka huo akiwa na 213, na kila mahali ikaandikwa kwamba ameiacha rekodi ya muda wote akiwa amebakiza 47. Alikuwa amebakiza 144.

Dean anastahili kusimuliwa taratibu, kwa sababu yake ni hadithi ya msimu mmoja tu, na msimu huo nusura usiwepo. Alizaliwa Birkenhead mwaka 1907, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Jina lake ni William, na alipenda aitwe Bill. Hilo la Dixie walimpachika na hakulipenda kamwe. Mwaka 1926 alipata ajali ya pikipiki, akavunjika fuvu na taya, na madaktari walihofu kwamba hatacheza tena. Alirudi uwanjani mwaka huohuo. Mwaka mmoja baadaye George Camsell wa Middlesbrough alikuwa ametoka kufunga 59 katika Daraja la Pili, namba ambayo kila mtu aliamini itakaa.

Mei 5, 1928, mechi ya mwisho ya msimu, Everton walikuwa wameshakuwa mabingwa. Hakuna aliyekwenda Goodison Park kuangalia msimamo wa ligi. Dean alikuwa na 57, Arsenal ndio wageni, na ili ampite Camsell alihitaji matatu. La kwanza lilikuja mapema, la pili kwa penalti, na kipindi cha kwanza kilikuwa bado hakijafika mbali. Halafu pakawa pakavu. Dakika zikasonga, kipindi cha pili kikaanza kuisha. Zimebaki dakika chache tu, Everton wakapata kona. Aliyeipiga ni Alec Troup, winga Mskoti mwenye umbo dogo ambaye krosi zake zilikuwa zimemlisha Dean msimu mzima. Dean akapaa juu ya kundi la watu na kuupiga kichwa, mpira wa ngozi wa enzi zile ambao ukilowa unakuwa kama jiwe, kichwa kilekile kilichokuwa kimepasuka miaka miwili nyuma. Nyavu. Sitini. Arsenal walisawazisha baadaye, mechi ikaisha 3-3, na walioijali sare hiyo walikuwa wachache mno. Dean alikuwa na miaka 21. Alicheza mechi 39 tu msimu huo.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya haki. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilirekebishwa: zamani mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli, sasa wakatosha wawili. Mabeki walichanganyikiwa, mabao yakafurika ligi nzima, na ilichukua miaka kadhaa mpaka Herbert Chapman wa Arsenal na wenzake walipomrudisha sentahafu nyuma kuziba pengo. Dean alivuna katika mvua hiyo. Haaland anakutana na mabeki wanaokula kwa mizani, wanaolala kwa ratiba, waliomsoma kwenye video wiki nzima. Ni kweli. Lakini mvua ile haikumnyeshea Dean peke yake. Washambuliaji wote wa England walicheza chini ya sheria ileile, na aliyemkaribia zaidi katika daraja la juu, Tom Waring wa Aston Villa msimu wa 1930/31, aliishia 49. Tena hata ndani ya hiyo inayoitwa enzi ya Ligi Kuu hesabu hazilingani: Andy Cole na Shearer walifunga 34 katika misimu ya mechi 42, Haaland akafunga 36 katika ligi ya mechi 38. Hakuna aliyesema wawekwe kwenye vitabu tofauti. Wamewekwa pamoja, na msomaji ameachiwa apime mwenyewe.

Hispania wanafanya hivyo kwa historia yao nzima. Ligi yao ilianza 1929, na Lionel Messi alipotaka kuitwa mfungaji bora wa wakati wote ilibidi ampite Telmo Zarra wa Athletic Bilbao, mtu wa miaka ya 1940 mwenye mabao 251. Alimpita Novemba 2014 kwa mabao matatu dhidi ya Sevilla, na siku ile dunia nzima ilijifunza jina la Zarra. Wajerumani wanaanzia 1963, lakini wana sababu ya mpira kufanya hivyo: kabla ya hapo hawakuwa na ligi moja ya taifa, walicheza kwa kanda. Kwa hiyo mabao 365 ya Gerd Müller yanasimama yalipo. Robert Lewandowski alipolifikia bao la 40 la Müller la msimu wa 1971/72, alifunua fulana ya ndani yenye picha ya mzee huyo, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa na kumbukumbu zimemtoka. La 41 alilifunga dakika ya mwisho kabisa ya msimu, Mei 22, 2021. Müller akafariki Agosti hiyo. Nikiangalia tukio lile najiuliza kwa nini England ijinyime siku kama hiyo.

Na si lazima twende Ulaya kutafuta mfano. Kenya imebadili majina ya ligi yake na waendeshaji wake zaidi ya mara moja, lakini mabao 26 aliyofunga Maurice Ochieng 'Sonyi' wa Gor Mahia mwaka 1976 hayakutupwa katika mabadiliko hayo. Yalisubiri. Msimu wa 2022/23 Elvis Rupia wa Kenya Police alifunga 27, na habari yote ilikuwa Sonyi: nani huyo, alichezaje, nani bado anamkumbuka. Wazee wa Nairobi walipata nafasi ya kusimulia. Hapa Tanzania Meddie Kagere alipofunga 23 akiwa Simba msimu wa 2018/19, wapenzi wa soka walimpima kwa Mohamed Hussein 'Mmachinga' wa Yanga na 26 zake za 1999, wakaona bado. Ligi zetu zina upungufu mwingi wa kumbukumbu na wa fedha. Kwa hili zimeishinda ligi tajiri kuliko zote duniani.

Sitaki mtu aelewe kwamba namshusha Shearer. Nilimpenda. Mkono wa kulia juu, kiganja wazi, anakimbia kuelekea kwa mashabiki kana kwamba kufunga ni kazi ya kawaida aliyoimaliza: hakuna aliyeshangilia kwa urahisi namna ile. Misimu mitatu mfululizo akiwa Blackburn alivuka mabao 30, 31, kisha 34, kisha 31, na hilo akiwa ametoka kuumia goti vibaya. Aliondoka kwenda Newcastle mwaka 1996 kwa pauni milioni 15, bei iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani, kwa sababu pale ndipo kwao. Bao lake la mwisho lilikuwa penalti kwenye uwanja wa Sunderland, mahasimu wao, Aprili 2006. Mtu huyu hahitaji uzio wa 1992 ili awe mkubwa. Wa tano katika historia ya zaidi ya miaka 130, katika taifa lililouasisi mchezo, ni heshima kubwa kuliko wa kwanza katika historia iliyokatwa.

Dean alifariki Machi 1, 1980, akiwa na miaka 73. Alikuwa Goodison Park, uwanja uleule, akitazama Everton na Liverpool, moyo ukasimama. Everton ya wanaume ilicheza mechi yake ya mwisho pale Mei 2025 na kuhamia uwanja mpya kando ya bandari.

Sasa macho yote yako kwa Haaland. Misimu mitatu ya kwanza Manchester City alifunga 36, 27 na 22, jumla 85, na Januari 2025 alisaini mkataba unaomfunga mpaka 2034. Tangu hapo mjadala wa kama atamfikia Shearer haujakoma. Wastani wake wa misimu hiyo ni mabao 28 na kitu kwa msimu. Akiendelea hivyohivyo, bila jeraha kubwa, bila kuuzwa, atampita Shearer katika msimu wa saba wa tisa iliyokuwa imebaki kwenye mkataba, na sherehe itakuwa kubwa. Akiufikisha mkataba wote mpaka siku ya mwisho, akiwa anakaribia miaka 34, bila wastani kushuka hata msimu mmoja, atakuwa na mabao 340. Atakuwa bado nyuma ya Jimmy Greaves kwa mabao 17.